Futuri Moja: Shajara ya Mradi wa Bundi wa Sokoke

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimewatisha watoto 34 bila kukusudia.

Nilikuwa nimeazima projekta, nikaipakata kwenye bodaboda kutoka Malindi hadi shuleni kama mtu aliyebeba trei la mayai. Nikafunga madirisha ya darasa la Gredi ya Tano, nikatundika shuka jeupe ukutani, nikawasha. Bundi wa Sokoke akatokea uso mzima, macho ya manjano yamekuwa makubwa kama masinia ya harusi. Msichana wa dawati la mbele akajifunika daftari. Wavulana wawili wakaomba ruhusa ya kwenda msalani na hawakurudi. Kisha ikatoka sauti ndogo huko nyuma, ikasikika na wote: "Mwalimu, huyo ndiye aliyelia kwetu usiku ule babu alipofariki."

Sikuwa na jibu. Nikazima mashine, tukaimba wimbo mmoja, kila mtu akaenda kwao.

Niandike mradi wenyewe ni upi, ili nikirudi kusoma haya nikumbuke nilikusudia nini. Shule iko upande wa Jilore, magharibi mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi. Msitu una kama kilomita za mraba 420, na ndani yake anaishi bundi mdogo asiye na makao mengi duniani. Yuko hapa, yuko Dakatcha ng'ambo ya mto Sabaki, na yuko Tanzania kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki, alikogunduliwa mwaka 1992. Wageni wanavuka bahari kuja kumtafuta. Watoto wanaolala hatua chache kutoka kwake hawamjui, au wanamjua kwa neno moja tu: bundi, yaani msiba. Nataka muhula wa pili ukifungwa, kila mtoto wa klabu ya mazingira awe anamjua kwa sauti na kwa kimo, na mwenye bahati awe amemwona.

Kosa la leo nililing'amua njiani nikirudi. Ndege huyu ana sentimita 16 hadi 18, na uzito wake ni gramu 50 hivi. Mimi nimemtundika ukutani akiwa mrefu kuliko mimi.

Jumapili, 19 Januari

Mama alinikuta sebuleni nakata maboksi ya sabuni, rula mkononi. Akauliza kipimo. Nilipomwambia, akaweka rula kando, akatanua gumba na kidole cha shahada juu ya boksi. "Futuri moja. Mbona kadogo hivyo?"

Ndivyo alivyo. Shibiri ni nyingi mno kwake, futuri ya mtu mzima yamtosha. Nimejaribu pia mkono wa mpwa wangu wa miaka kumi: futuri moja na vidole viwili. Hiki ndicho kipimo nitakachokwenda nacho, maana rula darasani ni nne na mikono ni 68.

Uzito nimeupata jikoni: yai la kuku wa kienyeji, lile kubwa kidogo.

Jumamosi, 25 Januari

Siku njema. Nimeanza na yai. Limezunguka darasa zima, mkono hadi mkono, hakuna aliyejua ni la nini. Likirudi mezani nikawaambia, "Mmetoka kumbeba bundi wa Sokoke." Kicheko cha kwanza tangu mradi uanze. Mvulana mmoja akauliza kama ndege wa uzito huo anaweza kunyakua kifaranga. Mwenzake akamjibu kabla yangu: kifaranga ndicho kitakachomnyakua yeye. Hakukosea sana, chakula chake ni wadudu, nyenje na mbawakawa na wa aina hiyo.

Halafu kazi ya mikono. Bundi hawa wako wa rangi tatu, kijivu, kahawia na wekundu wa kutu, na wote ni aina moja. Jambo hili liliwasumbua zaidi kuliko nilivyotarajia. "Yule mwekundu ni jike?" Hapana. "Ni mtoto?" Hapana. Mpaka msichana mmoja akasema kwao wamezaliwa wanne tumbo moja, mmoja mweupe, mmoja maji ya kunde, na wawili weusi, na hakuna anayeuliza. Tukaendelea.

Kalamu za rangi ziliisha kwenye kijivu. Nikawa nafikiria kuahirisha, watoto wakatoka nje na vifuniko vya chupa wakachota udongo. Huku Jilore ardhi ni nyekundu. Waliuchanganya na maji na gundi kidogo wakapaka kwa vidole. Ndipo nami nikaona kitu nilichokuwa nimekisoma tu bila kukitia moyoni: bundi huyu hukaa kwenye msitu mnene wa miti ya Cynometra, ambao umeota juu ya mchanga huu huu mwekundu. Upande wa mashariki, wenye mchanga mweupe na miti ya mrihi, humkuti. Mtoto aliyempaka udongo wa uwanjani alikuwa amempaka rangi ya nyumbani kwake.

Mwisho tukacheza kujificha. Nusu ya darasa wakawaficha bundi wa boksi kwenye kichaka nyuma ya jikoni ya shule, nusu wakawatafuta. Wa kijivu walipatikana wote. Wa kahawia walipatikana baada ya kelele. Mmoja wa udongo mwekundu hajapatikana mpaka sasa, na aliyemficha anakataa kusema.

(Tumeshindana pia kugeuza shingo. Bundi ana pingili 14 za shingo, sisi 7, na kichwa chake hugeuka nyuzi 270 kwa sababu macho yake hayazunguki tunduni. Mtoto mmoja ameumia shingo kidogo. Mchezo huo nimeufuta.)

Jumatano, 29 Januari

Mwalimu mkuu ameniita. Kuna mama amefika ofisini na bundi wa boksi ndani ya mfuko wa plastiki, ameufunga mafundo mawili. Mwanawe alimpeleka bundi huyo nyumbani akamweka juu ya kitanda. Mama anauliza, kwa adabu lakini bila kucheka, shule inafundisha nini siku hizi.

Nilikuwa na majibu mengi kinywani: wadudu, msitu, watalii, sayansi. Nashukuru sikuyatoa. Mama yule hakuja kuuliza habari za wadudu. Hata kamusi za Kiswahili zina jina la bundi la babewatoto, na mwenye kusikia jina hilo tangu utotoni humwambii kwa nusu saa ofisini kwamba ni ndege tu. Nilimwomba radhi kwa kumpa mtoto bundi bila kuwapa wazazi habari. Nikamwuliza kama kuna mzee kijijini anayemheshimu, ambaye angekubali kuja kuzungumza na watoto mbele ya wazazi. Akafikiri, akataja jina.

Mfuko aliuacha mezani kwa mwalimu mkuu. Naye mwalimu mkuu aliusogeza kwa kalamu.

Jumamosi, 8 Februari

Mzee amekuja na bakora yake na mjukuu wa kumshika mkono. Akina mama tisa wamekaa nyuma, yule wa mfuko akiwemo. Watoto wamesimama wakasema shikamoo kwa pamoja hadi mabati yakaitika.

Nilidhani atakuja kuwaambia watoto wasiogope. Hakusema hivyo. Alisema bundi akilia juu ya paa, yeye husimama na kusikiliza, na amefanya hivyo miaka yote. "Lakini simrushii jiwe. Mjumbe hauawi." Akanyamaza kidogo. "Na mimi, mnaziona hizi mvi? Siku bundi akitua juu ya nyumba yangu, mtasema ameniletea habari, au mtasema nimemtuma?"

Akina mama wakainamisha vichwa. Katika kaunti yetu wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na hakuna mtu mzima chumbani asiyelijua hilo. Watoto nao walielewa kuwa limesemwa neno, ingawa si wote walioelewa ni neno gani. Mimi sikuongeza kitu.

Baada ya hapo nikawapa historia fupi: bundi huyu aliingia katika vitabu vya wataalamu baada ya kupatikana hapa Sokoke mwaka 1965, na mwaka uliofuata Mmarekani S. Dillon Ripley akamwandika na kumpa jina la kisayansi, Otus ireneae, kwa heshima ya mama aliyeitwa Irene Morden. Mkono ukainuka. "Mwalimu, kabla ya 1965 alikuwa wapi?"

Mzee alicheka hadi bakora ikaanguka. Akasema ujanani alikuwa akilala msituni siku tatu nne, wakikata muhuhu wa kuuza kwa wachonga vinyago, na usiku kulikuwa na kitu kinachogonga taratibu, mara saba, mara nane, kikapumzika, kikaanza tena. Wakubwa wake walimwambia ni ndege. Hawakumwambia ni bundi, kwa hiyo hakuwahi kumwogopa.

Usiku huu nimekaa nikiyafikiria maneno hayo ya mwisho. Mwezi mzima nimeanza na sura. Ningeanza na sauti.

Jumamosi, 22 Februari

Nimewaomba wafumbe macho, nikapiga rekodi kutoka kwenye simu bila kusema ni ya nini. Ni mluzi mfupi wenye kina, unaorudiwa polepole, mara 5 hadi 9 kwa mkupuo mmoja. Vitabu vinaulinganisha na mlio wa yule ndege mdogo wa mchana anayegonga kama fundi bati kwa mbali, na kweli ukisikia mara moja unaweza kuchanganya.

Hatukufika mkupuo wa tatu. Msichana aliyejifunika daftari siku ya kwanza alifumbua macho: "Si ndiyo ile ya chooni!"

Ikawa vurugu. Kumbe kwao choo kiko nje, upande wa ua wa umeme wa msitu, na akiamka usiku kwenda humo na dada yake sauti hiyo huwa inawasindikiza. Wao wanajua ni chura. Mwingine akasema kwao wanajua ni mdudu. Wa tatu, nyanya yake, hawe, amemwambia ni ndege anayehesabu watoto waliolala. Watoto sita au saba walikuwa wanamjua bundi wa Sokoke maisha yao yote, ila walikuwa hawajatambulishwa.

Kazi ya nyumbani: mkiamka usiku, sikilizeni, hesabuni, andikeni saa na idadi. Nimewaonya pia juu ya jamaa yake, bundi mdogo mwingine anayepatikana sehemu nyingi za Afrika, ambaye hutoa mlio mmoja wa kutetemeka kisha akanyamaza sekunde kadhaa. Akilia kimoja kimoja si wetu.

Jumatatu, 24 Februari

Madaftari 34 yamerudi, 21 yana kitu. Wanaokaa karibu na ua wamesikia karibu wote. Wanaokaa barabarani wamesikia bodaboda na muziki wa matanga. Baadhi ya rekodi:

"Saa tisa usiku. 7. Halafu 7. Halafu 6. Nikalala."

"Baba amehesabu, mimi nililala. Baba anasema 8."

"Saa mbili usiku. 40." (Nimeweka alama ya kuuliza.)

"Sikusikia. Mbwa."

Ile ya baba imenifurahisha kuliko zote. Mtu mzima ameketi kibarazani usiku anahesabu sauti ya bundi kwa ajili ya kazi ya nyumbani ya mtoto.

Machi

Ramadhani kwa wengine, mitihani kwa wote. Klabu imekutana mara moja tu, lakini siku hiyo nayo ina lake. Katika paa la ghala kuukuu karibu na shule anakaa bundi mweupe, yule mkubwa mwenye uso wa umbo la moyo, na chini yake sakafu imejaa vidonge anavyotapika: manyoya na mifupa ya alichokula, vimeviringwa vizuri kama tende. Tumevilowesha kwenye maji ya moto, tukavifumua kwa njiti za kibiriti. Kidonge kimoja kilitoa mafuvu matatu ya panya. Mtoto wa mwenye ghala alipanga mafuvu mstari, akauliza bundi hutapika mara ngapi kwa siku. Nikamwambia mara moja au mbili. Akaanza kuzidisha kwa midomo, kimya kimya, na nadhani baba yake amepewa hesabu hiyo jioni ile ile.

Ijumaa, 23 Mei

Matembezi ya usiku. Maandalizi yamenila wiki tatu: barua ya ruhusa ya msitu, barua za wazazi, askari wa kutusindikiza, na kijana mmoja anayeongoza watalii ambaye amekubali kuja kwa nauli tu. Watoto 12, walioteuliwa kwa kura. Tochi nimezifunga karatasi nyekundu ya peremende ili zisiumize macho ya ndege.

Saa moja kasoro robo tuko langoni. Askari akapokea simu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Ndovu wako njiani, kundi lenye ndama. Hakuna kuingia.

Nilijaribu kubembeleza kidogo, kisha nikaona haya. Watu hutembea na watoto wa wenzao kwa dhamana. Watoto wawili walianza kulia. Nikatoa simu nipige ile rekodi, angalau bundi ajibu kutoka ndani, na kijana mwongozaji akaifunika kwa kiganja chake. "Usimpigie. Anadhani mwenzake amemvamia mji wake. Anaacha kula anakuja kugombana na simu. Ukifanya wewe leo, na mtalii kesho, na mwingine keshokutwa, atakula saa ngapi?" Aliyasema mbele ya watoto, kwa upole, na alikuwa na haki. Simu ikarudi mfukoni.

Tukakaa chini kando ya lango tukala mahamri, maana yalikuwa yameshapikwa. Giza likaingia. Gari la kuturudisha lilikuwa limechelewa, na kwa mara ya kwanza nashukuru gari kuchelewa, kwa sababu kabla halijafika ikaja kutoka kulia kwetu, ndani ya vichaka, ile sauti. Hakuna aliyesema neno. Niliona tu vidole vikiinuka gizani, kimoja, viwili, vitatu, mikono 12 ikihesabu pamoja. Vilisimama kwenye vidole vinane. Askari naye alikuwa ameinua mkono.

Jumamosi, 14 Juni

Kijana mwongozaji alinipigia alfajiri: amewapata walikolala, wawili, si mbali na njia. Njooni na wachache, na wasivae nguo nyeupe. Nimeweza kukusanya sita waliokuwa karibu. Wengine sita nimewaambia wafuate saa nne.

Tulitembea kwa mstari, mkono begani mwa aliye mbele. Akatusimamisha, akaelekeza kwa kidevu. Sikuona kitu. Kichaka, majani makavu, fimbo. Mtoto aliye mbele yangu akavuta pumzi, kisha wa nyuma yake, na mimi bado naangalia majani makavu. Mpaka jani moja likafumbua jicho, upenyo tu wa manjano, likafumba.

Wamekaa bega kwa bega kwenye kitawi cha kimo cha kifua changu, mmoja wa kijivu na mmoja mwekundu wa kutu. Vishungi vya kichwani vimesimama kama pembe mbili za gome lililobanduka. Mwekundu alikuwa ameegemea kidogo, manyoya yake yameingia ndani ya yale ya mwenzake, hujui huyu ameishia wapi. Upepo ukitikisa tawi nao hutikisika kwa mwendo ule ule wa majani.

Mvulana mmoja, yule wa nyuma aliyezungumzia babu yake siku ya projekta, alinyoosha mkono. Nikataka kumzuia. Hakuwa anagusa, alikuwa ametanua gumba na shahada hewani, jicho moja amelifumba, kisha akaongeza vidole viwili vya mkono wa pili. Akanigeukia, akaitikia kwa kichwa.

Dakika nne, tukaondoka. Hakuna aliyepiga chafya.

Kundi la saa nne hawakuona chochote. Walipofika ndege walikuwa wamehama, pengine kwa sababu yetu. Wamerudi wamenuna na wana haki ya kununa. Mmoja ameniambia kwamba mradi huu una upendeleo. Nimewaahidi watakuwa wa kwanza safari ijayo, na kijana mwongozaji amesema ijayo itakuwa baada ya mwezi mzima, si kabla, ili ndege wapumzike.

Wakisubiri gari, hao walionuna walikwenda nyuma ya jikoni ya shule kumtafuta bundi mwekundu wa boksi aliyepotea tangu Januari. Wamempata. Mvua ya masika imemchubua, mchwa wamekula mkia, na aliyemficha amekiri: alikuwa kwenye uma wa mwarobaini, wazi kabisa, mbele ya kila mtu.